Robota Lililokataa Kuanza

Shemeji yake Mama Ng'ombe aliitwa Mtaalamu, na jina hilo alijipa mwenyewe baada ya semina ya siku tatu ambayo alihudhuria zaidi milo kuliko masomo. Mama Ng'ombe mwenyewe, aliyebatizwa jina hilo na majirani kwa sababu ya ng'ombe wake kumi na mmoja, hakuwahi kuiona semina hata kupitia dirishani. Alikuwa na trekta, shamba la nyasi zilizokwisha kukatwa na kukauka, na wingu jeusi lililokuwa likijikusanya upande wa milimani. Nyuma ya trekta alikuwa amefunga mashine ya kuviringisha nyasi ziwe marobota, nayo asubuhi hiyo ilimtia aibu.

Ingegoma moja kwa moja ingekuwa afadhali. Iliunguruma vizuri tu, ikazoa nyasi, mikanda yake ikazunguka, lakini ndani hakuna kilichojiviringisha. Nyasi zilikorogeka tumboni mwake kama uji, zikasagika, kisha zikamwagika chini zikiwa makapi.

"Ongeza moto, shemeji!" Mtaalamu alipaza sauti kutoka kwenye kivuli cha trela. "Mashine ni kama punda, usipoichapa haiendi!"

Mama Ng'ombe, aliyekuwa kwenye usukani, akaongeza moto. Makapi yakamwagika kwa kasi zaidi.

Kando ya Mtaalamu alikaa mama yake, yaani mama mkwe wa Mama Ng'ombe, juu ya kiti alichokibeba kutoka nyumbani. Alikuja kumtazama kitinda mimba wake akifanya kazi, jambo ambalo si la kuonekana kila mwezi.

"Msikilize mwenzio," alisema bibi yule. "Amesomea."

Aliyesomea akaamuru springi za mikanda zikazwe. Akazikaza mwenyewe mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na mashine ilipowashwa tena ikatoa harufu ya mpira unaoungua. Hapo akajifuta jasho, akatangaza kwamba rola zote zinazozungusha mikanda zimelika na sharti ziagizwe mpya. Wiki mbili, akibahatika.

"Mvua inakuja leo, shemeji."

"Basi ungenishirikisha mapema."

"Nimekushirikisha tangu saa moja!"

Mama Ng'ombe akazima trekta. Alijua akiendelea kusema atasema yote, hata ya mwaka juzi. Akavuta kitabu cha mashine kutoka chini ya kiti, akapuliza vumbi.

"Kitabu ni cha wasiojua," Mtaalamu akacheka.

"Ndiyo maana nakisoma."

Akaupata ukurasa wa robota lisiloanza, akaufuata kwa kidole. Mlango wa nyuma umefungwa sawasawa? Akauendea, akautikisa, umeshika. Nyasi zinaingia katikati tu badala ya kuenea upana wote? Kweli, alikuwa akiendesha moja kwa moja. Injini inakwenda kasi mno? Hilo alijua aulizwe nani. Nyasi kavu kupita kiasi? Kidogo. Mikanda inateleza? Akaingiza mkono, akashika mkanda. Ulikuwa unateleza kama kambale, na kiganja kikarudi kinameremeta.

Akakinusa. "Nani kapaka mikanda mafuta?"

Mtaalamu akaona ni wakati mwafaka wa kulikagua wingu.

"Si mwanangu huyu?" bibi akajibu kwa fahari. "Jana alimaliza dumu zima. Nikasema, una mikono ya baraka wewe, mashine inang'aa kama kiatu cha bwana harusi!"

"Mafuta ni uhai wa mashine," Mtaalamu akajitetea. "Semina ilisema."

"Ilisema kabla ya chakula au baada ya chakula?"

Hakungoja jibu. Alileta ndoo, sabuni ya unga na matambara, akamtupia shemeji yake fungu lake, na kwa saa nzima na nusu wakasugua mkanda mmoja baada ya mwingine. Kisha akazilegeza springi, akachota nyasi zenye unyevu kando ya mfereji, akazitandaza mwanzoni mwa mstari. Akapanda trekta, akaenda polepole, akiyumba kushoto na kulia ili mashine ipate kula kwa mdomo wote. Mikanda ikanasa, ikapinda, tumbo likaanza kuvimba. Mlango ulipofunguka likadondoka robota, limepinda upande mmoja kama kofia ya mlevi, lakini ni robota. Mama Ng'ombe alipiga kigelegele peke yake.

"Mnaona?" Mtaalamu akasema. "Nilijua tutafika."

Walipata marobota kumi na tisa. Theluthi ya shamba, upande wa chini, ilinyeshewa kabla ya kuviringishwa.

Kesho yake jua lilipotoka, Mama Ng'ombe alimkabidhi shemeji yake reki ageuzegeuze nyasi zile zilizolowa mpaka zikauke.

"Utaniulia mwanangu," bibi akalalamika.

"Kazi haitamuua, mama. Hawajawahi hata kukutana."

Siku ya tatu, akitoka kukamua, alimkuta bibi ameinama katikati ya shamba, reki mkononi, akivuta pumzi kwa tabu. Kwenye kiti alikuwa amekaa Mtaalamu, akimwelekeza.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini bibi huyu alikuwa karibu kuanguka. Mama Ng'ombe aliweka ndoo ya maziwa chini, akaiondoa reki mikononi mwa mama mkwe wake taratibu, akamshika kiwiko.

"Inuka, shemeji," akasema. "Mpishe mama akae. Mistari yako imebaki minne."

Safari hii bibi hakumtetea. Alikaa, akaunyoosha mgongo wake, akamtazama mwanawe mpaka akainuka.