Shimo la Mbao

Msimu wa sanaa wa chuo kikuu ulikuwa umeingia juma la tatu, na nusu ya mji wa Kolwezi tayari ilijifanya inaelewa michoro. Juma la kwanza picha zilitundikwa kwenye korido ya sheria, watu wakapita mikono nyuma, wakitikisa vichwa kama madaktari. Juma la pili filamu zilionyeshwa juu ya shuka jeupe, umeme ukakatika mara nne, na jenereta ikapigiwa makofi mengi kuliko waigizaji. Jumamosi ya tatu, saa tisa mchana, ilikuwa zamu ya mchezo wa Honorine Mwenze.

Honorine alikuwa mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili. Kabla ya hapo, kwa miaka minne, aliwauzia wachimbaji bukari, yaani ugali, na samaki wadogo kule machimboni, ili amalize sekondari. Sahani zake zilipita mkono hadi mkono mpaka mdomoni mwa shimo, mwenyewe hakufika. Palikuwa na mstari wa mawe, na mwanamke akiuvuka, walisema, madini yanakimbia. Kwa hiyo alisikia yote, nyundo, vicheko na matusi, na ya ndani ya shimo hakuyaona. Masikio hayo ndiyo yaliyoandika mchezo. Shimo lake lilijengwa jukwaani kwa mbao na magunia, kimo cha mita mbili na nusu, upande wa mbele wazi ili watazamaji wamwone mchimbaji aliye chini.

Wanafunzi wenzake walishika nyundo kama wanashika kalamu, basi akaenda kuwaomba wachimbaji wa kweli. Akapata wawili. Mmoja ni Sadrack, kijana mpole, mla karanga, anayecheka hata msibani. Wa pili ni Tata Kitenge, mteja wake wa zamani na mkuu wa shimo, ambaye machimboni cheo chake ni PDG, yaani mkurugenzi mkuu. Usidhani ana ofisi. PDG wa machimboni ana shimo, kamba, watu sita, na kofia ya plastiki ambayo huivua kwa shida hata kanisani. Alikubali kuigiza PDG kwa sharti moja: asiitwe mwigizaji.

Mazoezi yalikwenda vizuri, isipokuwa mahali pamoja. Mchimbaji aliye chini huvuta kamba mara tatu, maana yake nitoeni, PDG anamvuta, na kichwa kikitokeza tu, PDG anauliza: "Jiwe iko wapi?" Maneno hayo Tata Kitenge aliyakataa katakata. Alidai kwamba PDG mwenye moyo huuliza kwanza kama mtu ni mzima. Honorine akamjibu kwamba miaka minne alikuwa na masikio mawili, na hakuwahi kusikia swali hilo la uzima. Hawakupatana. Kila mazoezi, wakifika pale, PDG alikohoa.

Mchimbaji wa chini alikuwa Dimitri, mwanafunzi. Ijumaa alikwenda Mutshatsha kwa msiba wa mjomba wake, na Jumamosi saa sita akatuma ujumbe kwamba pikipiki imekufa, naye yuko kando ya barabara anakula mihogo. Mwingine aliyejua maneno yake yote alikuwa yule aliyeyaandika. Honorine akavaa ovaroli ya Dimitri, akaikunja miguuni mara tatu, akafunga taa kichwani.

Tata Kitenge alimtazama, akavua kofia, akaketi juu ya ndoo nyuma ya pazia.

"Mademoiselle, banamuke habaingiake mu shimo."

"Tata PDG, ile ni mbao."

"Mbao, sawa. Mais kamba iko yangu."

Ni kweli. Ili mchezo upendeze, alikuwa ameleta kamba ya shimo lake mwenyewe, ile ile ambayo Jumatatu ingerudi kazini. Na kamba, alieleza, inabeba habari. Ikimshusha mwanamke Jumamosi, Jumatatu mawe yatakuwa yameshajua.

Mama Adolphine, anayefagia ukumbi, alikuwa ameegemea ufagio wake anasikiliza. Akasema majuma yote haya yeye huingia ndani ya shimo hilo kila asubuhi kutoa maganda ya karanga ya Sadrack. Na si PDG mwenyewe aliyejisifu kwamba tangu mazoezi yaanze shimo lake la kweli linatoa jiwe zuri kuliko mwaka jana? Sadrack alicheka mpaka akashika ukuta. Tata Kitenge akafikiri kidogo, akajibu kwamba Mama hakushuka kwa kamba. Aliingilia upande wa mbele, kama mtu anayeingia dukani. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Hapo assistant Tshimanga, msimamizi wa msimu, akachungulia na kuonyesha saa yake. Ukumbi umejaa, alisema, na kwaya iko tayari. Ikifika saa tisa na robo bila mchezo, kwaya itapanda, na Jumamosi ijayo, ambayo ndiyo ya mwisho na mchezo ulipangiwa kurudiwa, itapanda pia. Kila mtu chuoni aliijua kwaya ile. Ikianza, haishuki.

Zilibaki dakika tisa. Honorine alikumbuka siku moja ya mvua kule machimboni. Tata Kitenge na mchimbaji wake mmoja walikuwa wametukaniana wazazi asubuhi nzima. Mchana PDG ameketi, sahani ya bukari magotini, ndipo kamba ikatikisika mara tatu kutoka shimoni; na ni yule yule wa matusi aliyekuwa chini. Bukari ilimwagika yote kwenye matope. PDG alishafika mdomoni mwa shimo kabla sahani haijatulia. Mwanamke haingii shimoni, hiyo ni sheria. Kamba haiachwi bila jibu, hiyo pia ni sheria. Na Honorine hakusoma miaka miwili bure: sheria mbili zikigongana, moja italala.

Akajifunga ncha moja ya kamba kiunoni. Ncha ya pili akaiweka kwenye mapaja ya PDG.

"Tata, mi nashuka. Kama hautake kukokota, usikokote."

Ukumbini, nusu walikuwa wanafunzi, nusu wachimbaji waliokuja na buti zao kumcheka PDG wao. Walipoona ovaroli inashuka na misuko inatokeza chini ya taa, mmoja akauliza kwa sauti kama madini yameshakimbia au yanasubiri tikiti. Honorine aliendelea kushuka, akikanyaga mbao za pembeni. Hatimaye alikuwa ndani ya shimo, na alichokiona ni misumari na ganda moja la karanga lililomponyoka Mama Adolphine. Akaangalia juu. Kumbe kutoka chini, kitu pekee kinachoonekana ni kamba.

Akaanza kupiga nyundo na kusema. Alimwiga PDG anavyokohoa, na buti zikapiga sakafu kwa furaha. Akaokota lile jiwe jeusi la mchezo, akalisifu kama bibi harusi. Kisha Sadrack, ambaye kazi yake ilikuwa kunyunyiza udongo kidogo kutoka juu, alipandwa na hamasa, akamwaga ndoo nzima. Kikohozi cha Honorine sasa hakikuwa cha kuigiza.

Akavuta kamba mara tatu. Hakuna.

Akavuta tena. Kamba ikalegea. Wachimbaji ukumbini wakaacha kucheka. Mabenchi yalikwaruza, wawili wakasimama. Walikuwa wameshasahau mbao. Akavuta mara ya tatu, akiwa amefumba macho kwa vumbi.

Nyuma ya pazia ndoo ilianguka. Kamba ikakaza, ikamuuma kiunoni, na miguu yake ikaacha sakafu. Alivutwa kama gunia la haraka, goti likagonga ubao, kichwa kikatokeza. Mbele yake, bila kofia, jasho mpaka shingoni, alikuwa Tata Kitenge, na kinywa chake kilimtangulia mwenyewe:

"Jiwe iko wapi?"

Ukumbi uliangua kicheko. Wachimbaji walimnyooshea vidole, wakapigana mabega, wakafuta machozi. Tata Kitenge aliyasikia maneno yake mwenyewe, akaziba mdomo kwa mkono, akiwa amechelewa.

Honorine, akiwa amelala kifudifudi juu ya mbao, akafungua ngumi.

"Iko hapa, Tata. Na mi niko muzima, aksanti kwa kuuliza."

Walicheza mpaka mwisho. Baadaye, nyuma ya pazia, Tata Kitenge alikunja kamba yake polepole bila kumtazama. Honorine alisimama akingoja ugomvi wa Jumatatu.

"Ulikokota mubaya," alisema PDG. Alieleza kwamba ishara ya kamba haivutwi hivyo, vile huvutwa mbuzi. Kila mvuto usimame peke yake, aliye juu apate kuhesabu. Akamwekea ncha mkononi.

"Na lundi, Tata?" aliuliza, maana Jumatatu kamba ingerudi kazini.

"Lundi ni kazi yangu. Samedi, siku ya mchezo, ni yako. Kokota tena."

Honorine akakokota tena.