Marobota ya Joto

Usiku wa kuamkia leo nimeota kiyoyozi changu kinaniita Karani.

Kuongea kwake hakukunishangaza. Lililonishangaza ni lile jina. Nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la mkonge hapa Tanga kwa miaka thelathini na mmoja, na tangu nilipostaafu hakuna aliyeniita hivyo. Siku hizi naitwa bibi, na anayeniita ni muuza mkate, tena kwa sababu hajui jina langu.

"Karani," kikasema, "kuna mzigo nje haujapimwa."

Nikakiuliza kama mzigo una hati. Kikajibu kwamba hati zipo, ila zimelowa.

Hapa lazima nieleze habari ya hicho kiyoyozi, maana ndoto yenyewe haikujisumbua kueleza. Alikileta mwanangu Mbwana, aliyeko Mwanza, baada ya mimi kuanguka jikoni kwa joto mwezi wa pili mwaka jana. Fundi aliyekifunga chumbani kwangu alinieleza jambo ambalo sijalisahau: mashine ile haitengenezi baridi hata kidogo. Inabeba joto la ndani na kulitupa nje, basi, na kila safari inakula umeme. Mlango ukiwa wazi, alisema, itabeba joto la mtaa mzima, na mlipaji ni mimi. Pensheni yangu naijua mwenyewe. Nikaishika ile kanuni kama nilivyokuwa nikizishika kanuni za mizani. Baadaye hata mlango wa pembeni, unaotoka chumbani kwenda uchochoroni, nikaupiga komeo na kuziba chini yake kwa khanga kuukuu. Nikawa natumia mlango wa mbele tu, asubuhi, haraka haraka.

Tatizo ni kwamba mlango wa pembeni ulikuwa wa Saumu. Nyumba yake iko ng'ambo ya uchochoro, hatua sita, na kwa miaka zaidi ya ishirini alikuja kila siku saa kumi alasiri na chupa ya kahawa na tende kwenye kibakuli. Nampenda Saumu, lakini ana tabia moja: haingii. Anasimama mlangoni mguu mmoja ndani mmoja nje, anazungumza na wewe na anazungumza na wapita njia, robo saa nzima, mlango kaushikilia. Zamani nilikuwa nacheka. Baada ya kufungiwa kiyoyozi, kila akisimama pale nilikuwa naiona mita inavyokimbia.

Siku moja alipiga hodi, nikanyamaza. Desturi yetu inajulikana: hodi ni tatu, ukinyamaziwa unarudi kwako bila kinyongo. Alipiga ya tatu, akarudi. Kesho yake hivyo hivyo. Siku iliyofuata sikumsikia, wala siku nyingine baada ya hapo, na sasa ni miezi miwili. Nilijua amenikatia tamaa, na kwa kuwa aibu ilikuwa yangu sikwenda kumuuliza. Nilikuwa mpweke, nasema wazi, lakini mpweke mwenye chumba cha baridi.

Jana muuza mkate akaniambia kwamba leo saa tano gari linakuja kumchukua Saumu. Anahamia Morogoro kwa bintiye, moja kwa moja. Nikasema Mungu amfikishe salama, nikafunga mlango baridi isitoke.

Basi, turudi ndotoni.

Natoka nje kwa kupitia tundu la bomba, lile alilolitoboa fundi ukutani. Ni dogo kama ngumi. Napita ubavu ubavu, miwani nimeivua. Upande wa pili si uchochoro. Ni ghala letu la zamani, na saa ya ukutani inaonyesha saa kumi alasiri.

Kwenye kiti changu amekaa yule mwenzake kiyoyozi anayekaa nje, lile sanduku lenye feni. Feni inazunguka polepole kifuani. Ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba. Anasema mgongo unamuuma.

"Mimi ni hamali tu, Karani," anasema. "Sitengenezi kitu. Nabeba. Umeme ndio posho yangu, na sishibi, kwa sababu chumba chako hakiishi joto."

Namwambia hilo haliwezekani. Naishi peke yangu, mlango nimeuziba.

"Ndiyo maana tumekuita," anasema.

Marobota yamepangwa mpaka darini, yamefungwa kwa mikanda ya chuma kama mkonge unaongoja meli. Kila robota lina kibandiko. Joto la bati, mwezi wa tatu. Joto la sufuria ya wali. Joto la Mwantumu, ubavu wa kulia. Mwantumu ni mimi. Kuna moja limeandikwa Joto la simu ya Mbwana, dakika mbili. Naliweka kwenye mizani, halifiki kilo. Napima tena, nikidhani mizani imekosea, kisha naandika kilichoonekana.

Kwenye kona kuna marobota madogo yaliyopangwa vizuri kuliko yote. Nainua moja. Mshale wa mizani hautulii, unatikisika tu. Natega sikio. Humo ndani mtu anasema hodi.

"Mzigo unaoongea haupimwi," nasema. Ni kanuni ya ghala. Nimeitunga hapo hapo.

"Yapo mia moja themanini na sita," anasema hamali. "Matatu kwa kila siku, siku sitini na mbili."

Namwambia ahesabu upya. Saumu alipiga hodi sita tu, siku mbili, kisha akaacha.

"Wewe ndiye uliyeacha kusikia. Ziliingia kwa tundu la ufunguo kila siku saa kumi. Zilikuwa na joto, nikazitoa. Ndiyo kazi niliyofungiwa."

Hana ubaya, na mimi ningekuwa hamali ningefanya hivyo hivyo. Namwambia azirudishe ndani zote. Anasema kibali kinatoka getini.

Getini kuna mita ya luku, imevaa kofia ya askari, jicho lake jekundu linapepesa. Inataka zile tarakimu ishirini za kununulia umeme. Nataja ya kwanza, inasema imeshatumika. Nataja ya pili, imeshatumika. Nafika mpaka sifuri.

"Hata sifuri?" nauliza.

"Hasa sifuri," inajibu mita.

Papo hapo ghala linakuwa chumba changu. Mlango wa pembeni uko wazi na joto la mtaa mzima linaingia, kama alivyosema fundi. Nilidhani ile ilikuwa namna ya kusema tu. Kumbe ni mtu, mwanamume mnene mwenye fulana, na mkononi ana upepeo wa ukili. Anavua ndara na kuuliza akae wapi. Sina kiti cha pili. Anakaa kitandani, na upande wangu unanyanyuka.

"Samahani nimeingia bila hodi," anasema. "Huwa anapiga Saumu kwa niaba yetu sote."

Namuuliza amemjulia wapi Saumu.

"Tunakaa naye kila siku hapo nje, chini ya mashine yako. Anapiga hodi zake tatu. Anakaa kizingitini, anakula tende moja, anaiweka kokwa chini kando ya ukuta, anarudi kwake."

"Kwa nini hagongi kwa nguvu?"

"Siku ya kwanza alisema utakuwa umelala. Siku nyingine alisema unaswali. Juzi alisema labda Mbwana amepiga simu, na simu ya mtoto haikatizwi." Anajipepea kidogo. "Ana sababu sitini na mbili. Anazitunga wakati anakula."

Nikalia. Nalisema bila aibu kwa kuwa ilikuwa ndotoni. Machozi yalitoka ya moto, na kiyoyozi kikayachukua kabla hayajafika kidevuni.

Mara nje sauti ya Saumu inapiga hodi. Ni ya leo hii, naijua kwa sababu amechoka. Nafungua kinywa niseme karibu, unatoka mlio wa rimoti, ule wa kupunguza nyuzi moja. Chumba kinazidi kupoa. Anapiga ya pili. Najaribu tena, mlio ule ule. Mgeni wangu ananitazama, meno yanagongana kwa baridi. Hodi ya tatu inakuja polepole, kama mtu anayemimina kahawa bila kutaka imwagike. Nalia mlio. Nalia mlio. Mlio.

Mgeni anasimama, anavaa ndara zake.

"Basi," anasema.

Nikaamka. Kumekucha, na chumba kimya. Kiyoyozi kimezima, uniti zimeisha. Nimelala hapo nimeloa jasho, najiambia kwamba ndoto ni ndoto, mtu akila wali usiku huota chochote.

Hata hivyo nikainuka. Nikavuta ile khanga chini ya mlango wa pembeni. Ilikuwa imegandamana na sakafu. Komeo lilikuwa na kutu, nikaligonga kwa kisigino cha kiatu mpaka likaachia.

Kando ya ukuta, chini ya mashine, zimepangwa kokwa za tende. Zimeanzia kwenye kizingiti changu zikaenda mstari mmoja mpaka kwenye kona, moja baada ya nyingine, safi, kama zimekatwa kwa kipimo. Sikuzihesabu. Ya kwanza kabisa, ile inayodondokewa na maji ya kiyoyozi, imezama kidogo kwenye udongo na imetoa jani moja jembamba.

Nimetoka bila kufunga mlango. Nadhani joto la mtaa mzima limeingia nyuma yangu, sikugeuka kutazama.

Ni hatua sita, na nilizivuka peku. Mlango wa Saumu umefungwa. Nimepiga hodi ya kwanza, kimya. Nimepiga ya pili. Ndani lilikuwa likiburutwa sanduku, sasa haliburutwi tena.

Ya tatu sijaipiga. Ukishapiga ya tatu inabidi urudi kwako. Nimekaa kizingitini kwake, na gari halifiki mpaka saa tano.