Namba Aliyoikosa Papa Maliro

Cheka mtu mwingine yeyote Butembo, lakini Papa Maliro umwache. Ndiyo, wanamwita Papa Namba. Ndiyo, majirani wakipita dirishani pake huuliza kama kompyuta imezaa leo. Ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na tangu astaafu kazi yake ni moja: kutafuta namba kubwa zisizogawanyika, zile alizozifundisha darasani kwa jina la nombres premiers.

Chukua maharagwe saba, uyapange katika mafungu yaliyo sawa. Utahangaika bure: ama yatabaki fungu moja, ama punje mojamoja. Basi saba ni premier. Sasa fikiria namba ndefu ajabu, ukiandika tarakimu zake kwenye kuta za nyumba, ndani na nje, kuta zinakwisha na namba bado inaendelea. Kuna watu dunia nzima wanaogawana namba za namna hiyo kwa internet, kila mmoja akiiachia kompyuta ya nyumbani kwake ihesabu, siku baada ya siku. Karibu kila mara jibu ni hapana, inagawanyika. Ambaye kompyuta yake itasema ndiyo, jina lake linaandikwa pamoja na namba yake, basi. Papa Maliro hakutaka zaidi ya hapo. Alitaka jina la Maliro liandikwe pale kabla hajafa.

Kazi hiyo aliianzia Beni. Mambo ya Beni yalipoharibika kwa vita, aliifunga kompyuta ndani ya godoro, akapanda nyuma ya pikipiki akiwa ameikumbatia, na mkewe Katungu akafuata na pikipiki nyingine pamoja na masufuria. Njia ile ni mashimo mpaka Kalunguta, na baada ya Kalunguta ni mashimo. Walipofika Butembo aliiwasha kabla hata ya kuuliza watalala wapi. Ikawaka. Siku ile alivimba kichwa, na kichwa hakikupungua tena.

"Machine yangu haidanganyaka," ndivyo alivyomwambia kila mtu.

Furaha alikuwa mwanafunzi wake kule Beni, binti wa Asumani mwenye malori. Sasa ni mama wa watoto, anauza vitenge hukohuko Beni, na kompyuta ya duka inahesabu huku yeye akipima kitambaa. Lakini alichagua kazi ambayo wengi hawaitaki: kurudilia. Namba iliyokwisha kupimwa na mtu, ikaambiwa hapana, yeye anaipima upya, maana kompyuta nazo huumwa. Ni kutafuna kilichotafunwa. Papa Maliro alimtania sana kwa hilo, na Furaha alicheka tu.

Jumamosi moja asubuhi akapiga simu.

"Papa, ikaa kwanza."

"Nimeikaa. Sema."

"Iko namba moja ya kwako, ya mwanzo kabisa ya Butembo. Ulisema inagawanyika. Nimeirudilia, machine yangu inasema ni premier. Nikairudilia tena kwa machine ya kaka yangu Yassini. Ni premier, Papa."

Maliro alihisi damu ikimpanda usoni. Namba aliyoililia miaka yote, kumbe ilikuwa mikononi mwake akaitupa!

"Basi ni zenu ndizo zinakosea," akasema, na sauti yake ikawa ile ya darasani.

Furaha hakubishana naye. "Pengine ni vile, Papa. Lakini machine yako uipime tu. Uipe namba ndogo yenye tunajua ni premier, tuone itasema nini."

Alikata simu amekasirika. Akaipa kompyuta namba ambayo ulimwengu uliijua kabla yeye hajazaliwa, kazi isiyomaliza hata muda wa viazi kuiva, akaketi mbele yake. Tuseme wazi: mwalimu mzima alikuwa anamwomba Mungu mwanafunzi wake awe amekosa.

Kompyuta ikajibu: inagawanyika.

Akaipa tena namba ileile. Safari hii ikasema ni premier, haina hili wala lile. Hapo ndipo alipoelewa. Machine inayokosa kila mara unaitupa. Hii ilikuwa ikisema kweli na uongo kwa uso uleule, tangu lile godoro, tangu mashimo ya Kalunguta, na yeye akaapa kwa ajili yake mbele za watu.

Akampigia Furaha. "Mutoto yangu, ya kwangu ndiyo mugonjwa."

Furaha akasema jambo ambalo bila shaka alikuwa amelipanga. "Papa, bado sijatuma kitu. Hakuna mutu anajua. Ingia wewe, sema umeirudilia kwa machine ingine, andika jina yako. Wewe ndiye ulitufundisha hii mambo. Mimi nitanyamaza, na Yassini atanyamaza."

Alitamani. Mungu amsamehe, alitamani mno. Katungu, aliyekuwa anamenya viazi pale karibu akisikia yote, akasimamisha kisu. Yeye ndiye aliyemcheka kuliko majirani wote, na sasa hakuwa anacheka.

"Papa Maliro, kubali tu," akasema polepole. "Umeteseka sana juu yake."

Maliro akafumba macho.

"Ya kwangu iliiambia hapana," akasema kwenye simu. "Ya kwako iliiambia ndiyo. Andika Furaha Asumani, Beni."

"Papa..."

"Sijamaliza. Yote nilipima tangu tulifika Butembo, leo nitaandikia wale wakubwa wa ile kazi waifute. Yote. Halafu wewe uombe wakupe uirudilie."

"Lakini ile ni kazi yako yote, Papa."

"Ndiyo."

"Na kama mule ndani iko premier ingine?"

Alimtazama mkewe, akatazama kompyuta.

"Itakuwa ya kwako pia."

Upande wa pili akamsikia Furaha akimwambia mteja asubiri, na sauti haikuwa sawa. Maliro akaweka simu chini, akaanza kuandika kwa kile Kifaransa chake cha ubaoni, bila kujitetea hata kidogo: majibu yangu yote tangu nihamie Butembo si ya kuaminika, yafuteni. Katungu akasogeza kiti chake, akakaa naye mpaka ujumbe ukaondoka.