Mpangaji wa Darini kwa Bibi Toyo

Mtafiti Chigusa Watanuki alikuwa amemsaka nyoka nambari tisa kwa siku nne, na siku zote nne nyoka alimshinda.

Hakuwa nyoka wa kutisha. Mla panya tu, hana sumu. Mwezi Juni Chigusa alimbandika kidude cha redio mgongoni, pamoja na kipimo cha mionzi kidogo kama punje ya mchele, akamwachia msituni, juu ya kijiji kilichohamwa baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima. Hesabu za kompyuta zilidai kwamba nyoka wa huko hushinda na kulala udongoni, ndiko mionzi ilikojaa, na kwamba wanaipokea kwa kiwango cha kutia hofu. Ilibaki kumkamata huyu na kusoma kipimo chake.

Antena ikamtoa Chigusa msituni, ikampitisha kwenye majaruba ya mpunga yaliyomezwa na magugu, ikamfikisha kwenye ua wa mtu. Bibi mmoja wa miaka themanini hivi, aliyerudi kuitazama nyumba yake ya zamani, alikuwa aking'oa majani kwa hasira.

"Kama umetumwa na wabomoaji, waambie tulikubaliana Jumatatu!"

"Samahani, bibi. Namtafuta nyoka."

"Amekukosea nini?"

"Nataka kujua mionzi imemfanya nini."

"Ehe! Mimi mbona hakuna aliyenifuata na antena?"

Chigusa akaishusha antena. Bibi akaangua kicheko. "Usinune, mwanangu. Mimi Toyo. Ingia umtafute."

Mlangoni Chigusa akainama kuvua viatu, kwa mazoea.

"Vaa hivyo hivyo," Bibi Toyo alisema, sauti imeshuka. "Panya wamechafua kote. Naona haya hata kukukaribisha."

Antena ilielekea juu. Chigusa akapanda ndani ya kabati la magodoro, akasukuma ubao wa dari, akawasha tochi. Nambari tisa alikuwa amejikunja kwenye nyasi kavu za paa la zamani, chini ya mabati, na kando yake mayai kumi na moja.

"Yupo, bibi! Na ametaga!"

Bibi Toyo akasema polepole, "Mama mkwe alizoea kuniambia kwamba nyoka wa aina hiyo ndiye mlinzi wa nyumba. Miaka yote hii nilidhani nyumba haina mtu."

Chigusa alimbandua nyoka kipimo, akamwacha na mayai yake. Kipimo kilipokwenda maabara, kilionyesha theluthi moja tu ya kile kilichokadiriwa.

"Kimeharibika," Profesa Hoshina, mkuu wake, alisema.

"Hapana, Profesa. Kwenye hesabu sisi tulimlaza udongoni, mwenyewe kapanga darini."

Profesa akaguna, akaagiza nyoka wote kumi na wawili waliobandikwa vipimo wafuatiliwe upya. Saba walikutwa majumbani. Chigusa akaiandika ripoti upya: hawa saba hatari yao ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa, watano wa msituni bado waangaliwe.

Bibi Toyo naye aliwapigia simu wabomoaji. "Njooni Oktoba. Nina wapangaji, na mmoja mzazi."

Septemba mayai tisa yalianguliwa. Chigusa aliyahesabu maganda darini huku Bibi Toyo akimpigia kelele ashuke, matonge ya wali yanakauka. Wakala kibarazani, wakabishana iwapo watoto wa nyoka wana macho ya mama yao. Nyumba ilibomolewa wiki ya pili ya Oktoba, na siku hiyo walisimama pamoja barabarani mpaka vumbi likatulia.