Kuku wa Heshima Kando ya Singidani

Mume wangu Laurenti haamini ugonjwa ambao hajaugua yeye. Ukimwambia una presha, anakuuliza mbona unatembea. Mwaka jana mkwe wetu Loyce alidungwa na nyuki mmoja uani kwetu Itigi, akavimba uso, akaanza kuvuta pumzi kwa shida, tukamkimbiza zahanati akiwa amelegea mikononi mwetu. Alipona. Tuliporudi nyumbani Laurenti akasema, "Anajidekeza. Nyuki mmoja tu?"

Daktari alikuwa ametueleza kwa maneno yaliyonyooka: mwili wa binti huyu haupatani na sumu ya nyuki, na akidungwa tena huenda asifike kwenye sindano. Mimi nilielewa. Mwanangu Joshua, mume wake, alielewa hadi akakonda. Kwa Laurenti, ambaye kwao wanarina asali tangu enzi za mababu na mwenyewe kadungwa tangu ananyonya, yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Tangu hapo Loyce akaishi kama kuku wa kufungiwa. Alipika madirisha yamefungwa katika joto lile, akala ndani, akaanika nguo jioni nyuki wakisharudi kwao. Na ni binti anayependa kupika. Yeye ndiye aliyeondoa soda mezani petu akaleta maji ya ukwaju, akanipunguzia chumvi na mafuta mpaka presha yangu ikatulia. Laurenti alilalamika kwamba mboga zake hazina ladha. Alilalamika kwangu, maana kwao baba mkwe hazungumzi ovyo na mke wa mwanawe. Humsalimia kwa mbali, na likiwepo la kusema hupitishia kwa mama. Kumgusa ndiyo kabisa, ni mwiko wa kutozwa mbuzi. Basi alilalamika, lakini sahani yake ilirudi tupu kila siku.

Wazo la kwenda ziwani lilikuwa la Joshua. Ilikuwa Oktoba, nchi imekauka, hata mbuzi wanatafuna karatasi. Akaazima gari la rafiki yake wa stesheni, akasema Jumapili twende Singida mjini tukachome kuku kando ya Ziwa Singidani. "Kule ni mawe na maji ya chumvi, mama. Hakuna maua, hakuna mzinga. Acha Loyce ale nje siku moja kama watu." Nilimwona Loyce akicheka, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau.

Wiki nzima alijiandaa. Kuku wawili wa kienyeji aliwalaza usiku katika tangawizi na kitunguu saumu, bila chumvi nyingi kwa ajili yangu. Akafunga viazi vitamu, bilinganya, nyanya, vitunguu vyetu vyekundu na tikiti maji kubwa. Hakutaka chipsi wala mafuta ya kuchuruzika. Kila kitu kingewekwa wavuni na kupakwa mafuta ya alizeti kidogo tu. Mimi nikatafuta mkaa. Laurenti akaniambia niuache, kuni ataleta yeye. Akapakia gunia nyuma ya gari, na kwa kuwa ni nadra yule mzee kujitolea kwa lolote la jikoni, hakuna aliyemuuliza kuni gani.

Tulipata mahali pazuri, chini ya mawe makubwa, maji mbele yetu, ndege wakielea. Pembeni kulikuwa na kundi la vijana na muziki wao. Loyce alivua viatu akakanyaga maji. Kisha akakumbuka kwamba ndimu zimebaki nyumbani, na maji ya kunywa yalikuwa machache. Joshua akaondoka na gari kwenda kununua. Mkoba wa Loyce, wenye vidonge alivyopewa na daktari, ukaondoka humo humo kwenye kiti.

Laurenti aliwasha moto. Loyce aliwapanga kuku wavuni, akarudi kwenye mkeka kukata tikiti. Moshi ukanijia usoni, mtamu, mzito, na mwili wangu ukaujua kabla ya akili. Moshi ule nilikuwa nimewahi kuunusa mara moja tu, siku nilipoolewa.

"Baba Joshua," nikamwambia, "hizo ni kuni za nini?"

Hakuniangalia. "Ni mzinga wa marehemu baba."

Kwao mzinga uliozeeka hautupwi. Hupasuliwa ukawekwa darini, na siku akija mtu wa heshima kubwa nyama yake huchomwa kwa kuni hizo, ili harufu ya nta iingie nyamani. Loyce hakuwahi kuchomewa. Alipoolewa palikuwa na msiba, na baadaye ikaja ile habari ya nyuki.

"Mkwe hakupewa haki yake," Laurenti akasema kwa sauti ya chini, akichokoa moto. "Nimesema maneno mengi mwaka huu. Acha nimchomee."

Moyo wangu ulimwonea huruma na hapo hapo nikatamani kumpiga kwa mwiko. "Harufu ya nta huita nyuki, na inanukia hadi wapi, wewe? Uzime huo moto."

"Hapa ni ziwa, Mama Joshua. Nyuki watoke wapi?"

Nilishika ukuni mmoja nikauvuta. Ndipo Loyce aliponiita kutoka mkekani, kwa sauti ndogo sana.

"Mama. Yupo mmoja."

Alikuwa ametua juu ya tikiti lililokatwa. Loyce alishikilia kisu hewani, hakuthubutu kukiweka chini. Yule nyuki akanyonya, akazunguka, akaruka kuelekea mawe yaliyokuwa nyuma yetu. Laurenti akamfuata kwa macho, na mimi nikamfuata Laurenti, nikaona uso wake ukipauka. Juu kule, katika ufa wa jiwe, palikuwa na doa jeusi linalotikisika. Sisi wa vichaka vya Itigi nyuki wetu hukaa kwenye magogo na mizinga. Hakuna aliyetufundisha kuliogopa jiwe.

Laurenti akaupiga moto mchanga kwa mguu. Haukuzimika; ulitoa moshi zaidi. Wakaja, mwanzoni wachache, halafu wengi, wenye njaa ya kiangazi kizima. Walitua kwenye kuni, kwenye tikiti, kwenye ukingo wa mkeka. Bado walikuwa hawana ugomvi na mtu. Tungeweza kuondoka polepole, nina hakika hadi leo, lakini vijana wa pembeni waliruka wakaanza kupunga mashati, na mmoja akamponda nyuki kwa kandambili.

"Acheni kupunga," Laurenti akawapigia kelele. Walikuwa wamechelewa. Nyuki akipondwa hutoa harufu inayowaita wenzake vitani. Mlio ukabadilika, hata mimi niliusikia.

Loyce alisimama. Alitaka kukimbia, na pale hapakuwa na nyumba wala gari, palikuwa na ufukwe mtupu tu. Akikimbia, watamfuata.

Laurenti alishavua koti. "Mama Joshua, mwambie mkwe alale chini." Hata saa ile, kupitia kwangu. Nilifungua mdomo na sauti ikakataa kutoka. Niliona mkono wa mume wangu ukinyooka na kusimama hewani, karibu na bega la yule binti, ukisita. Kisha akamshika.

"Lala, Loyce. Lala chini, mwanangu."

Alimlaza kifudifudi mkekani, akamfunika kichwa kwa koti, akajilaza juu yake na kumkumbatia kama mtu anavyokumbatia mtoto kwenye mvua ya mawe. Mimi nikamfunika miguu kwa khanga yangu, nikakalia pindo zake. Nilidungwa mikononi na shingoni, sikusikia maumivu. Nyuki waliijaza shingo ya Laurenti mpaka nywele zake za mvi hazikuonekana. Hakujitikisa.

"Unapumua?" akamuuliza.

"Ndiyo, baba," ikatoka chini ya koti.

Nilikuwa nampigia Joshua, vidole vinateleza kwenye simu. Aliposhika nilisema tu, "Rudi," akajua.

"Unapumua?"

"Ndiyo."

Kisha nikaona mguu wa kushoto wa Loyce ukishtuka. Mmoja alikuwa amepenya chini ya khanga, kwenye kifundo. Nilimponda kwa ngumi, lakini mwiba ulikuwa umebaki. Nikaukwangua kwa ukucha.

"Unapumua, Loyce?" Safari hii jibu lilikawia. Laurenti akauliza tena, sauti ikapasuka. Kilichotoka chini ya koti kilikuwa mluzi mwembamba.

Joshua alilileta gari hadi kwenye mkeka wenyewe. Laurenti akambeba Loyce akiwa amevingirishwa, akaingia naye kiti cha nyuma, nyuki kadhaa wakaingia nasi akawaua kwa viganja vyake. Vidonge vilikuwa kwenye mkoba, lakini koo la Loyce lilishafunga, hakuweza kumeza. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Joshua aliendesha huku analia. Laurenti alimshikilia kichwa na kurudia neno moja njia nzima, "Vuta. Vuta. Vuta." Nilimchukia sana mume wangu katika gari lile, na nilimwomba Mungu asimwadhibu kwa jambo alilolifanya kwa upendo.

Hospitalini walimpokea mlangoni kwa sindano. Sisi tukabaki nje ya pazia. Muuguzi akataka kumshughulikia Laurenti, uso wake umevimba jicho moja halionekani, akakataa kuketi. Tulisikia ule mluzi. Tukausikia ukinyamaza. Joshua akaniangukia begani. Halafu Loyce akakohoa, kikohozi kirefu cha mtu mwenye pumzi tele, na daktari akasema, "Haya, amerudi."

Jioni tuliruhusiwa kumwona. Laurenti alisimama mlangoni, hakuvuka. Nilijua anawaza mbuzi, na ndugu zake, na watakavyosema kijijini.

"Baba," Loyce akamwita kwa midomo iliyovimba. "Nina njaa."

Laurenti aligeuka akaenda zake. Nilidhani amekimbia. Alirudi na kikombe cha uji wa ulezi alionunua kwa mama mmoja getini, kijiko kikiwa katika mkono uliovimba hata usiweze kukunjika. Joshua aliinuka kukipokea. Laurenti akampita, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaupoza uji kwa pumzi zake, akamnywesha mke wa mwanawe yeye mwenyewe, kijiko kwa kijiko, mbele ya wodi nzima.