Kiambatisho cha Tatu

Hidaya aligundua saa nne asubuhi, ndani ya barua ya shukrani, kwamba siri ilikuwa imetoka. Ofisi ya uwakilishi ya mji waliouchunguza ilimshukuru mbunge Kazadi, mkubwa wake wa kazi, kwa kuipelekea ripoti ya uchunguzi huo "pamoja na viambatisho vyote vitatu."

Kiambatisho cha tatu kilikuwa karatasi moja ndani ya bahasha iliyofungwa. Kilitaja jina la Lam, ambaye ripoti yenyewe ilimwita tu Shahidi wa Kwanza. Mji huo, alikotoka Lam, ulikuwa bandari ambayo mkoloni aliikabidhi kwa dola kubwa, kwa ahadi ya maandishi kwamba ingebaki na bunge na mahakama zake. Lam alikuwa karani wa mahakama huko. Kwa miaka kumi na tisa alipanga kesi ipi iende kwa jaji yupi, hadi orodha zikaanza kumfikia zikiwa zimekwisha pangwa. Yeye alikimbilia Brussels. Mama yake alibaki.

Hidaya aliingia kwa Kazadi bila kubisha hodi.

"Tonton, umewapa jina la Lam."

"Bon, Hidaya, ikala kwanza. Ulishakunywa kawa?" Kazadi alimwonyesha kiti na birika la kahawa. Alikuwa mzaliwa wa Lubumbashi, na ndiye aliyempa Hidaya, aliyemwita mjomba kwa Kifaransa, kazi yake ya kwanza. "Muntu akishitakiwa, iko na haki ya kusoma dossier yote ya mashitaka. Si wewe mwenyewe unanifundishaka ile? État de droit, sheria kwa wote!" Alicheka. "Na sasa wanakubali tufike kwa muji yao mwezi ya kuya. Tutajionea na macho yetu."

"Mama yake yuko huko."

"Basi donc, tutamusalimia."

Hidaya alitoka. Baba yake, karani wa mahakama mjini Bujumbura, hakukubali ahadi ya mdomo hata ya ndugu; alitoa kalamu iandikwe. Kwa hiyo Januari, Lam aliposita kutoa ushahidi, Hidaya naye alitoa kalamu. Aliandika kwamba jina lake halitatoka nje ya ofisi, akagonga muhuri wa mbunge, akatia saini. Lam aliisoma karatasi hiyo mara mbili na hofu ikamtoka. Wote wawili walikuwa watu wa karatasi.

Lam alikuwa amepanga chumba juu ya mgahawa wa Maman Mwadi, mtaa wa Chaussée de Wavre, na Hidaya alimfuata huko.

"Hidaya! Hata bonjour hakuna?" Mwadi aliita toka jikoni. "Ongea na mutoto yangu. Tangu asubuhi hajagusa sombe. Ao nilitia chumvi mingi?"

Mtoto huyo alikuwa mpangaji wake, Lam. Aliketi pembeni, simu na sahani ya kisamvu mbele yake.

"Watu wa serikali wamefika kwa mama alfajiri," alisema kwa Kifaransa cha polepole. "Wamemwamkia kwa heshima. Walikuwa na nakala ya karatasi yenye jina langu."

Hidaya alivuta kiti, akaketi mbele yake.

Lam alitoa mfukoni ile ahadi ya Januari, akaikunjua juu ya meza.

"Nakuuliza kama karani. Hii naipeleka mahakama gani?"

Hidaya aliitazama saini yake. Mbunge alikuwa na kinga ya kutoshtakiwa. Yeye mwenyewe hakuwa na mamlaka ya kuahidi chochote kwa muhuri ule, na alilijua hilo siku aliyougonga.

"Hakuna," alisema.

Lam aligeuza karatasi upande mweupe, akamsogezea kalamu.

"Basi liandike na hilo, kwamba hakuna."