Samaki Aliyeitwa Vifungo

Ivor Pruett alikuwa na namna yake ya kuanza asubuhi ziwani. Kwanza birika juu ya jiko dogo la gesi, kisha soksi za pili juu ya zile za kwanza, kisha kipande cha mkate na siagi, akikila amesimama mlangoni pa hema huku akitazama maji yanavyofuka. Asubuhi hiyo majani ya ukingoni yalikuwa meupe kwa jalidi, na siagi ilikuwa imeganda haipakiki. Alikuwa bado anahangaika na kisu pale king'ora cha fimbo ya kuvulia ya kushoto, kile kinachoashiria samaki amenasa, kilipolia, kikaendelea kulia bila kupumzika. Akatupa mkate na kukimbia.

Samaki alikuwa mzito, tena mvivu kama karpi wote, wale samaki wanene wa maziwani, maji yakishapoa. Hakukimbia, alijivuta tu chini, kama mtu anayekataa kutolewa kitandani. Ivor alimbembeleza mpaka akamwingiza wavuni, akamlaza juu ya godoro la sponji lililoloweshwa maji, akapiga magoti amtoe ndoana. Ndipo alipoyaona magamba. Yalikuwa makubwa, ya mviringo, yamejipanga ubavuni kutoka shingoni hadi mkiani kama vifungo vya koti, na moja karibu na shingo halikuwapo.

Huyu alikuwa Vifungo, na Vifungo alikuwa amekufa. Ivor ndiye aliyemuua.

Ndivyo ilivyosemwa, walau. Majira ya machipuko yaliyopita, katika ziwa la Marlpit ambako alikuwa mwanachama tangu nywele zake zikiwa nyeusi, Ivor alimvua Vifungo, akapigwa naye picha, akamrudisha majini kama karpi yeyote anavyorudishwa, kwa kuwa kule samaki huvuliwa kwa mchezo tu, hawaliwi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona tena. Wanachama wakakutana baa, na shemeji yake, Lester Cobley, mume wa dada yake Noreen, akasimama na sauti ya msibani kueleza jinsi Ivor alivyomng'ang'ania yule samaki hewani, akitaka picha nyingine na nyingine, mpaka matamvua yakapauka. Ivor hakujitetea, kwa sababu picha ya pili aliitaka kweli. Wakamnyang'anya ufunguo wa geti.

Vuli yote akawa mtu wa kuhamahama. Kwenye bwawa la manispaa, wavuvi walihamisha viti vyao kila alipotandika fimbo zake, na siku moja alikuta juu ya kiti chake pakiti ya samaki wa kugandishwa, imefungwa utepe mweusi. Kwenye ziwa la shambani, mwenye shamba alimuuliza jina, akalisikia, akalivuta geti likafungika. Akasema samaki wake ni wazee, wana mioyo dhaifu.

Kisha Noreen akapiga simu, akiongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye chumba kimoja na mbwa mkali aliyelala. Lester alikuwa Hispania akicheza gofu. Ziwa lake jipya halijafunguliwa bado, hakuna mtu. Angemwachia Ivor ufunguo wa geti chini ya chungu cha maua, na hapo ndipo Ivor alipokuja kupiga hema. Alichoomba ni kwamba Lester asijue. Ivor alijua sababu. Aliwahi kuziona shingo ndefu za sweta alizovaa dada yake hata wakati wa joto, kufunika michubuko.

"Birika lako linaungua, shemeji."

Lester alikuwa amesimama nyuma yake, bado kavaa koti la safari, uso umeiva kwa jua. Alimtazama samaki, wala hakushtuka.

"Mrembo, sivyo? Msimu ujao ataitwa Bi Harusi. Tutampiga picha ubavu wa pili tu, ambao hauna kifungo hata kimoja. Watu watatoka hata Scotland kuja kumtafuta."

Ivor akatoa simu mfukoni. Alitarajia Lester airukie, lakini Lester alisogea pembeni asizibe mwanga.

"Piga, bwana. Na uso wako uonekane. Halafu wapelekee wale wa Marlpit. Kule nani alikuwa wa mwisho kumshika? Wewe. Na hapa nani kamshika? Wewe tena. Walikuita muuaji, sasa watakuita mwizi. Umepanda cheo." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Hebu niambie, geti ulilifunguaje?"

Ivor akasema aliuchukua ufunguo mwenyewe.

"Noreen hajui?"

"Hajui kitu."

"Basi ni mwizi kwelikweli."

Vifungo alikuwa anafungua kinywa na kukifumba. Ivor akamtazama matamvua, na rangi ilikuwa imeanza kuyatoka. Lile alilosingiziwa Marlpit alikuwa akilifanya sasa hivi, akiwa na simu mkononi, akibakiza picha moja tu alisafishe jina lake. Angepiga, kisha angepiga nyingine ya kuthibitisha ya kwanza. Na Lester alikuwa anasubiri, mikono mifukoni, bila haraka yoyote.

Akaiacha simu ianguke kwenye nyasi. Akambeba Vifungo kwa mikono miwili hadi majini, akaingia mpaka mapajani, akamshika wima kwenye ile baridi iliyomkata mifupa, mpaka samaki akatikisa mkia, akateleza chini na kupotea.

"Unaona?" Lester alisema, karibu kwa upole. "Nilipomtoa Marlpit usiku nilihitaji mtu wa kubebeshwa lawama. Wengine wangenipigia kelele. Wewe nilijua utaomba radhi." Akaiokota simu, akaipangusa kwa mkono wa koti, akamnyooshea. "Toka huko kabla hujapata kichomi. Na Krismasi uje kama kawaida. Noreen keshaagiza bata mzinga. Usininunie mezani kwa ajili ya samaki."

Ivor akapanda ukingoni, maji yakimchuruzika suruali nzima, meno yakigongana. Akaipokea simu. Miaka yote alikuwa amekaa kwenye meza ile, akapokea sahani, akashukuru, akala. Alingoja mpaka meno yakatulia, kwa kuwa alitaka isikike vizuri.

"Nakuombea ufe kabla ya dada yangu, Lester," alisema, "ili naye apate japo miaka michache ya kuishi."